Kuchagua pedi za sponji na sahani ya mashine ya polishi: mwongozo kamili kwa magari ya Dodoma

Kinachogusa rangi ya gari ni pedi. Mashine inazungusha, sahani (diski inayobeba pedi) inashika, kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) inakata, lakini pedi ndiyo inayoamua mkato uwe mkali au mpole, joto lipande au litulie, na gari litoke bandani liking'aa au likiwa na miduara mipya juu ya ile ya zamani. Fundi mwenye mashine ya kawaida na pedi zinazofaa hufanya kazi safi kuliko mwenye mashine ya bei mbaya aliyebandika pedi yoyote aliyoikuta dukani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kufuata mpangilio huu: itambue shafti (mhimili unaofungwa sahani) ya mashine yako, tafuta sahani inayoikubali, kisha chagua pedi kulingana na rangi ya gari. Fedha itakayobaki iongeze idadi ya pedi, usiipeleke kwenye chupa nyingine ya kompaundi. Kwa Dodoma nasisitiza hilo la idadi, na sababu yake ni vumbi.

Mji huu uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki milimita 600 kwa wastani. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi la mchanga uliotokana na miamba ya graniti, na punje zake ni ngumu kuliko rangi ya gari lolote. Asubuhi dereva anatoka nyumbani Nkuhungu au Ilazo, anakuta gari limejaa vumbi, anachukua kitambaa kikavu na kulipangusa. Kila anapopangusa anakwaruza. Ndiyo maana magari mengi hapa, ukiyatazama kwa pembe juani, yana mikwaruzo midogo iliyotanda kama utando wa buibui. Ongeza maji ya visima yenye chumvi yanayokauka juu ya boneti la moto na kuacha duara nyeupe, kisha ongeza jua linalopausha paa. Hayo ndiyo matatizo matatu utakayokutana nayo zaidi, na kila moja lina pedi yake.

Kwanza, ijue rangi utakayoisugua

Rangi ya gari iliyotoka kiwandani, tabaka zote zikijumlishwa, huwa na unene wa kati ya mikroni 100 na 150 hivi. Mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Tabaka la juu kabisa, klia, huwa na mikroni 35 hadi 50. Ukisugua kwa pedi kali na kompaundi kali unaondoa mikroni kadhaa, na hazirudi. Klia ndiyo inayokinga rangi dhidi ya miale ya jua, kwa hiyo ukiimaliza leo, baada ya muda gari litaanza kubabuka. Kwa sababu hiyo kanuni ya kuchagua pedi ni moja: tumia iliyo laini kuliko zote zinazoweza kuifanya kazi hiyo.

Si kila gari lina klia. Toyota nyingi nyeupe za namba ya rangi 040 na nyeusi za namba 202 zilipakwa rangi ya tabaka moja, isiyo na klia juu. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati cha gari, ama chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango wa mbele. Ukitaka kuhakikisha, chukua kitambaa cheupe (au cheusi kwa gari jeupe), tia tone la polishi, sugua sehemu iliyojificha kwa nguvu ya vidole. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna klia. Gari la namna hiyo huijaza pedi rangi haraka sana, hivyo utahitaji pedi nyingi zaidi, na usishtuke ukiona sponji imegeuka rangi ya gari. Nyeusi ya 202 inajulikana kwa ulaini wake: pedi ya kukata itaiacha na ukungu mbaya, kwa hiyo hapo anza na pedi laini kabisa.

Jihadhari pia na gari lililopigwa rangi upya mtaani. Angalia kwenye kingo za raba za vioo na ndani ya fremu za milango kama kuna alama za teipu ya karatasi au ukungu wa rangi. Ukiziona, chukulia kwamba hujui unene wa klia iliyopo, uwe mpole, na kama rangi ni ya juzijuzi muulize aliyeipiga kama imeshakauka hadi ndani.

Hatua ya 1: Tambua mashine uliyonayo

Mashine ya rotari ina mwendo mmoja tu. Shafti inazunguka, sahani inazunguka nayo, na ukiigandamiza haisimami. Inakata haraka, inapandisha joto haraka, na mkononi mwa asiyezoea huacha mistari inayoonekana juani ambayo mafundi wengi huiita hologramu. Kasi yake ya kazi iko kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika.

Mashine ya DA (kifupi cha Kiingereza, dual action) ina miendo miwili kwa wakati mmoja: sahani inajizungusha huku ikicheza pembeni kwa duara dogo. Upana wa duara hilo huandikwa kwa milimita, na utakazokutana nazo sana ni 8, 15 na 21. Ukigandamiza kupita kiasi, mzunguko unasimama na inabaki kutetemeka tu. Hiyo ni salama kwa rangi, ila kazi nayo inakuwa imesimama. Kwa mtu anayeanza, au mwenye gari anayetaka kulihudumia gari lake mwenyewe, namshauri DA bila kusita. Kuna pia DA ambayo mzunguko wake unalazimishwa na gia, na hii mara nyingi hukubali sahani za kampuni iliyoitengeneza peke yake. Usinunue sahani yake kwa kukisia.

Halafu kuna grenda. Nalisema hili kwa uzito wote: grenda si mashine ya polishi. Grenda ya kawaida ya inchi 4 na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Nyingi zenye kipunguza kasi nazo huanzia karibu 3,000, pale ambapo rotari inaishia. Kwa kuwa nyuzi za shafti yake mara nyingi zinafanana na za rotari, sahani ya polishi itaingia bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo. Velkro (vindoano vinavyoishika pedi kwenye sahani) huyeyuka, pedi huruka, rangi huungua kwa sekunde chache. Kila sahani nzuri imeandikwa mgongoni kasi ya juu inayoivumilia. Isome, na ilinganishe na kasi iliyoandikwa kwenye mashine yako.

Hatua ya 2: Pima nyuzi za shafti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anaagiza sahani kutoka Kariakoo, inafika na basi, haingii.

Rotari nyingi zinazouzwa kwetu zina shafti ya M14, yaani kipenyo cha milimita 14. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia 5/8 ya inchi, karibu milimita 16. Tofauti hiyo unaiona kwa macho, na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) itathibitisha. Grenda ndogo za inchi 4 hutumia M10, kwa hiyo usichukue nati ya grenda yoyote ukadhani umepata kipimo.

Kwenye DA mambo hugeuka. Mara nyingi tundu lenye nyuzi liko kwenye mashine, na boliti iko kwenye sahani au inapita katikati yake. Vipimo vinavyotawala ni viwili: M8 na 5/16 ya inchi yenye nyuzi 24 kwa inchi. Viwili hivi ni mtego. M8 ina kipenyo cha milimita 8, na 5/16 ina milimita 7.9, kwa hiyo kalipa haitakusaidia. Tofauti iko kwenye nafasi kati ya uzi na uzi: M8 ya kawaida ina milimita 1.25, ile ya inchi ina milimita 1.06 hivi. Boliti ya M8 ikishurutishwa kwenye tundu la 5/16 itaingia mizunguko miwili, itakaza, na ukiongeza spana utakuwa umeua nyuzi za mashine.

Jaribio lake ni jepesi. Chomoa waya wa umeme kwanza. Ingiza sahani kwa vidole tu, bila spana. Ikiingia laini mizunguko minne au mitano, ni yake. Ikikaza kwenye wa pili, itoe. Ukienda dukani nenda na sahani ya zamani mkononi, na ukiagiza kwa simu tuma picha ya shafti, ya sahani, na ya kibandiko chenye namba ya modeli ya mashine.

Jambo moja dogo: DA nyingi huja na washa (kipete) nyembamba kati ya sahani na mashine. Ukifungua sahani itaanguka, na sakafu ya banda itaimeza. Itafute. Bila hiyo, sahani inaweza kusugua raba ya mashine na kugoma kuzunguka.

Hatua ya 3: Chagua sahani

Sahani ni diski ya plastiki na raba yenye velkro usoni. Watu huichukulia kama kitu cha bure kinachokuja na mashine, lakini ikiwa mbovu hakuna pedi itakayokusaidia.

Anza na ukubwa. Sahani lazima iwe ndogo kuliko pedi, ili sponji ibaki ukingo pande zote. Sahani ya inchi 5 (milimita 125) hubeba pedi ya inchi 5 na nusu hadi 6. Ya inchi 6 (milimita 150) hubeba 6 na nusu hadi 7. Ya inchi 3 (milimita 75) hubeba 3 na nusu hadi 4. Ukingo wa milimita 6 hadi 12 ndio unaotakiwa. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, siku moja utakosea pembe karibu na bampa na ukingo wa sahani utachimba rangi hadi kwenye bati. Ukiwa mpana mno, mdomo wa pedi unakunjika, unapepea, na unachanika.

Kwa magari yaliyojaa barabara zetu, IST, Vitz, Noah, Harrier, mimi ningechukua sahani ya inchi 5 kuwa ya kazi kuu. Bodi zao zina mikunjo mingi na nafasi finyu, na pedi ya inchi 7 haina pa kutulia zaidi ya paa na boneti. Land Cruiser au Alphard ina mabati mapana, hapo inchi 6 inaokoa muda. Sahani ya inchi 3 ni ya nguzo za milango, vioo vya pembeni, bampa na kuzunguka vitasa.

Ugumu wa sahani hufuata mashine. DA inataka sahani ngumu kiasi, kwa sababu sahani laini humeza ule mwendo mdogo wa pembeni kabla haujafika kwenye rangi. Rotari inataka sahani yenye tabaka la sponji au raba laini, ili mkono ukiyumba kidogo sahani ijikunje badala ya pedi kuegemea upande mmoja na kuunguza.

Uzito ni suala la DA zaidi. Ndani ya mashine kuna chuma kilichopimwa kusawazisha uzito wa sahani na pedi fulani. Ukifunga sahani nzito au ndogo kuliko ile mashine iliyopangiwa, mtetemo unaongezeka, vidole vinakufa ganzi, beringi zinakwisha mapema. Kabla ya kufunga sahani ya inchi 3 kwenye DA kubwa, soma kitabu chake kama imeruhusiwa.

Mwisho, ikague kwa jicho. Ifunge bila pedi, washa kasi ya chini kabisa, tazama ukingo kutoka ubavuni. Ukiona unapanda na kushuka, sahani imepinda, irudishe. Velkro iwe na vindoano vifupi, vigumu na vilivyojaa. Bandika pedi, ivute: inatakiwa kulalamika. Napenda sahani zenye matundu ya hewa, kwa sababu joto likikwama kati ya pedi na sahani ndilo linaloyeyusha vindoano, na mchana wa Oktoba hapa joto halihitaji msaada.

Hatua ya 4: Chagua pedi

Kosa la kwanza ni kununua kwa rangi ya sponji. Hakuna utaratibu wa pamoja kati ya makampuni. Mfano mzuri ni njano: kwa Lake Country pedi ya njano ya kawaida ni ya kukata, kwa Meguiar's njano ni ya kung'arisha (ya kati), na kwa Rupes njano ni laini, ya kumalizia. Fundi aliyezoea njano ya Rupes akichukua ya Lake Country na kuipeleka kwenye Crown nyeusi atapata mshituko. Soma maandishi ya mgongoni au ya kwenye pakiti, na ukianza na familia moja ya kampuni moja, baki nayo mpaka uijue vizuri.

Pedi za bei nafuu nyingi hazina maandishi yoyote. Hizo zipime kwa mkono. Minya kwa dole gumba: sponji inayokugomea na kusimama imara ni ya kukata, inayokubali na kurudi kwa nguvu ni ya kati, inayozama mara moja bila kupinga ni ya kumalizia. Kisha ipitishe uso wake kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Ya kukata utaisikia inakwaruza kidogo, ya kumalizia huisikii. Ukizipanga tatu mezani kwa namna hiyo, tayari una ngazi yako, hata kama zote ni za bluu.

Tazama pia vitundu vya sponji. Sponji ya vitundu vilivyo wazi hupitisha hewa, haipandi joto haraka, na huoshwa kwa urahisi. Ya vitundu vilivyofungika hushikilia kompaundi juu ya uso na hainywi sana, lakini hushika joto. Ukitaka kujua, weka mdomo upulize: hewa ikipita upande wa pili, vitundu viko wazi. Kwa joto na ukavu wa kanda hii mimi huegemea vitundu vilivyo wazi, hasa kwa pedi za kukata.

Unene una maana kuliko watu wanavyodhani. Kwa DA, pedi nene humeza mwendo wa mashine: inacheza ndani ya sponji na rangi haisikii kitu. Milimita 20 hadi 25 zinatosha. Kwa rotari pedi nene, milimita 30 na kuendelea, inasaidia kufuata mikunjo na kupoza joto. Pedi yenye tundu katikati ni nzuri kwa DA, kwa kuwa katikati ndipo joto linapojikusanya. Kuhusu uso wa pedi, uwe bapa au wa matuta, sijaona sababu ya kuhangaika. Chukua bapa.

Pima kipenyo upande wa velkro, siyo upande wa uso. Kuna pedi zinazouzwa kwa jina la inchi 6 ambazo mgongo wake ni inchi 5 na nusu, na nyingine kinyume chake. Kilicho muhimu ni mgongo uipite sahani yako. Vuta kidogo ukingo wa velkro kuona kama gundi imeshika hadi mwisho. Gundi inayoachia ukiwa dukani itaachia yote ikipata moto.

Kuna pedi za sufi na za nyuzi laini za mikrofaiba pia. Sufi kwenye rotari hukata sana na ndiyo inayofaa kuondoa alama za msasa baada ya gari kupigwa rangi. Mikrofaiba hukata vizuri kwenye DA lakini hupanda joto. Zote huacha ukungu unaohitaji sponji kuumalizia. Kama ndiyo unaanza, ziache kwanza.

Hatua ya 5: Fanya jaribio kabla ya kuanza gari zima

Osha gari kwa maji mengi ya kutosha kuondoa mchanga wote, likaushe lisibaki hata tone. Kama rangi bado ina vijipunje ukiipapasa, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi (clay bar). Madoa ya maji ya chumvi jaribu kwanza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: iache dakika moja kwenye bati lililopoa kivulini, kisha ioshe. Mara nyingi chumvi inayeyuka na hutahitaji kusugua. Ikibaki duara iliyozama kwenye klia, hiyo ndiyo kazi ya pedi.

Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye mlango, lizungushie teipu ya karatasi. Anza na pedi ya kumalizia na polishi laini. Pitisha, futa, pangusa kwa alkoholi ya isopropili iliyopunguzwa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi huficha mikwaruzo na yakikauka inarudi. Tazama kwa tochi ya simu, kisha sogeza gari utazame juani. Jua la Dodoma halifichi kitu, litumie. Kama mikwaruzo imebaki, usibadili kompaundi bado. Badili pedi, panda ya kati, polishi ileile. Ikishindikana, ndipo uende pedi ya kukata, na mwishowe kompaundi kali.

Kwa utando wa kupangusa vumbi, pedi ya kati humaliza kazi kwenye magari mengi. Paa lililopauka huhitaji kukatwa kisha kung'arishwa. Lakini kama limeshaanza kubabuka magamba, klia imekufa, na hakuna pedi inayorudisha klia: hilo ni la fundi wa rangi. Mkwaruzo unaokwama ukipitisha ukucha uache hapo ulipo, kuufukuza ni kumaliza klia yote inayouzunguka.

Hatua ya 6: Nunua za kutosha

Kwa gari dogo moja na DA ya inchi 5, hesabu yangu ni pedi 4 za kati, 3 za kukata, 2 za kumalizia, na jozi ya ndogo za inchi 3 na nusu, moja ya kukata na moja ya kati. Wengi huona ni nyingi. Sponji ikishanywa kompaundi na unga wa rangi huwa nzito, joto linapanda, mkato unapungua, na unaanza kugandamiza ili kufidia. Ukibadilisha pedi kila baada ya bati mbili au tatu (mlango ni bati moja, boneti ni jingine), mkato unabaki uleule kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Ipo na sababu ya hapa kwetu: pedi iliyoanguka chini imeshatoka kazini kwa siku hiyo. Usiipige kofi ukairudisha. Punje moja ya mchanga iliyoingia kwenye sponji itachora boneti zima kwa duara ndani ya nusu dakika. Mwenye pedi moja atashawishika kuirudisha. Mwenye nne ataiweka kando bila kuumia.

Kama bajeti ni finyu, acha za kukata uzinunue baadaye. Anza na za kati 3 na za kumalizia 2.

Hatua ya 7: Funga na utumie

Fanya kazi kuanzia saa 12 alfajiri hadi kama saa 4 asubuhi, ndani ya banda au chini ya paa, upande usiopigwa na upepo. Nyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Bati liwe limepoa, uweze kulilazia kiganja bila kusikia moto.

Safisha velkro ya sahani kwa brashi kavu, bandika pedi katikati kabisa, izungushe kwa mkono uone kama imekaa sawa. Chora mstari mmoja wa maka penu kwenye ukingo wa sahani ya DA: ukiwa kazini utaona kwa jicho kama bado inazunguka au imebaki kutetemeka. Ikisimama, punguza mkono au rekebisha pembe.

Pedi kavu inahitaji kulowa kidogo kwanza. Paka polishi kidogo usoni, isambaze kwa kidole, kisha weka matone manne yenye ukubwa wa punje ya kunde. Baada ya hapo matone matatu kwa kila eneo yanatosha. Ukavu wa hewa hapa hukausha polishi haraka kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo usichukue eneo kubwa, sentimita 40 kwa 40 ni nzuri. Ikianza kukauka mapema, nyunyiza ukungu mmoja wa maji safi, yasiyo na chumvi, kwenye pedi.

Gusa bati kabla ya kuwasha. Sambaza kwa kasi ndogo, kisha panda: kwenye DA, namba 4 hadi 5 kati ya 6, kwenye rotari yenye sponji, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Pita taratibu kulia na kushoto, kisha juu na chini, kila njia ikifunika nusu ya iliyotangulia. Uzito wa mkono na mashine unatosha kwa pedi laini. Ya kukata iongezee kidogo. Kingo za milango na mikunjo mikali izibe kwa teipu, kwa sababu hapo klia ni nyembamba kuliko kwingine. Waya upitishe begani, vaa miwani, vua mkufu na usiache mikono mirefu ya shati ikining'inia.

Kila ukimaliza eneo moja, safisha uso wa pedi kwa brashi ya nailoni huku mashine ikizunguka taratibu, au ipulize kwa upepo wa kompresa mbali na gari. Pedi ya kompaundi kali isiguse polishi laini kamwe. Andika mgongoni kila moja ni ya nini.

Hatua ya 8: Osha, kausha, hifadhi

Zioshe siku hiyohiyo. Kompaundi ikigandia ndani ya sponji inageuka msasa. Zilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, zikandwe kwa vidole, zisuuzwe mpaka maji yatoke safi. Usikamue kwa kusokota, utachana gundi. Bana kati ya viganja viwili. Kama maji ya bomba lako yana chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa, maana chumvi nayo hubaki kwenye vitundu.

Zikaushwe kivulini, uso wa sponji ukitazama chini juu ya wavu au kitambaa safi, ili maji yashuke mbali na gundi ya velkro. Usizianike juani. Sponji ya poliyurethani huoza kwa miale ya jua, na joto hulegeza gundi. Hewa kavu ya hapa itazikausha kivulini bila tabu. Zikikauka, kila moja iingie kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, kisha zote kwenye ndoo yenye mfuniko, zisilaliwe na kitu kizito.

Pedi imekufa pale velkro inapoachia pembeni, katikati inapozama na kutorudi, ukingo unapochanika, au ukiibana haifumuki tena. Ya kukata iliyofika hapo lakini ambayo velkro yake bado inashika haifai tena kwa bodi, ila bado inaweza kusugua vioo vya taa vilivyopata manjano. Ikate kona moja kwa mkasi ili mtu yeyote bandani ajue si ya rangi.